Sura ya Kaisari Bondeni Kilombero

Ukishavuka Ruaha pale Kidatu, milima ya Udzungwa inashika mkono wako wa kulia na haikuachi tena mpaka Ifakara. Kushoto ni miwa kwanza, halafu miwa inaisha na mpunga unaanza, na reli ya TAZARA inaonekana na kupotea katikati ya migomba. Mimi ni mtu wa Kilwa Kivinje. Nimekulia kwenye upepo wa chumvi na minazi iliyoachana, nchi ambayo jicho linafika mbali bila kuzuiwa. Huku jicho linagota mlimani, na kila baada ya mwendo mfupi kuna kijito kinachoteremka kutoka msituni, kinapita chini ya barabara na kwenda zake bondeni. Abiria wenzangu waliyajua majina ya vijito vyote. Niliposhuka Kisawasawa nilikuwa nimeshayatamani maji hayo, maana kwetu kisima ndicho kinachoamua mtu ajenge wapi.

Binamu yangu ameolewa hapo. Nilifika Juni, mpunga umeshakatwa, na kila ua ulikuwa na turubai la mpunga wa kuanika na mtoto mmoja ambaye kazi yake ni kufukuza kuku. Jioni tulikula wali wa Supa na kambale aliyekaushwa kwa moshi, mchuzi wa nyanya na mchicha pembeni. Pwani wali usiotiwa nazi tunauona una upungufu. Huu ulipikwa kwa maji, chumvi na mafuta kidogo tu, na harufu yake ilitufikia kabla ya sinia. Nilikula kimya, jambo lililomfurahisha sana mama mkwe wa binamu yangu.

Huyo mama kila mtu kijijini anamwita Bibi, nami nikamwita hivyo hivyo. Ni Mmbunga, Mkatoliki wa kusali kila alfajiri, na macho yake bado makali. Nilipomwamkia akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akaniuliza moja kwa moja kama ni kweli kwamba kwetu watoto huokota fedha za wafalme ufukweni. Nikamwambia ni kweli. Kilwa Kisiwani, bahari ikishakula ukingo baada ya mvua kubwa, vipande vidogo vya shaba hutokeza mchangani, vya kijani kwa kutu, na juu yake kuna maandishi ya Kiarabu. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na kopo la majani ya chai lililofungwa kwa kitambaa.

Ndani ya kopo mlikuwa na sarafu chache. Aliziweka juu ya mkeka moja moja, kwa mpangilio aliouzoea. Ya kwanza ilikuwa rupia ya fedha ya Kijerumani ya mwaka 1910, nzito, imesagika kidogo ukingoni. Upande mmoja yumo Wilhelm wa Pili, Kaisari wa Ujerumani, mwenye masharubu, amevaa kofia ya kijeshi ambayo juu yake ametua tai. Kumzunguka kuna maneno ya Kilatini yanayomtaja kuwa Kaisari. Upande wa pili matawi mawili ya mimea yanaizunguka thamani, na mwaka, na jina la koloni. Wajukuu walisogea. Mmoja akauliza kwa nini huyu mzee amebeba kuku kichwani, na mama yake akamkemea, lakini Bibi alimjibu kwa upole.

"Huyu ndiye aliyekuwa anadaiwa na babu yangu," alisema, kisha akajirekebisha. "Hapana. Babu yangu ndiye aliyekuwa akidaiwa na huyu."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Babu mzaa baba alikuwa akitafuta mpira wa mwituni na nta, akiuza kwa wafanyabiashara, apate rupia za kodi. Vita vikaja. Mwaka mmoja alikuwa ameshazipata rupia tatu na kuzificha, akisubiri askari waje kukusanya. Hawakuja. Oktoba 1917 Wabelgiji waliingia Mahenge, na Mjerumani akaondoka bondeni asirudi tena. "Babu alituambia hii ni kodi ya mwaka ambao mwenyewe hakurudi kuichukua," Bibi alisema. Mbili zilishapotea katika misiba na harusi za ukoo. Hii moja imebaki.

Usiku ule usingizi ulichelewa kuja. Nilikuwa nafikiria sarafu zile za shaba za kwetu na rupia hii ya fedha, na jinsi zinavyotofautiana katika kile zinachomtaka mtu afanye.

Sarafu ya Kilwa haina sura ya mtu. Hilo lilianzia mbali: mwishoni mwa karne ya 7 Khalifa Abd al-Malik, aliyekuwa ametoa sarafu zenye picha yake amesimama na upanga, aliziacha na kutoa nyingine zenye maandishi matupu, na tangu hapo nchi nyingi za Kiislamu zikafuata njia hiyo. Masultani wa Kilwa nao waliandika badala ya kuchora. Lakini walifanya jambo lao wenyewe ambalo hadi leo linanifurahisha kama mtoto wa pwani. Upande mmoja wa sarafu za Ali bin al-Hasan, ambazo ndizo nyingi kuliko zote, kuna jina lake. Upande wa pili kuna maneno ya kumtegemea Mola mwenye kuneemesha. Na jina na sifa vina kina kimoja. Ukigeuza sarafu, unasoma ubeti. Sultani aliyekuja baadaye, al-Hasan bin Sulaiman, alifanya hivyo hivyo kwa kina kingine kilicholingana na jina lake. Mwaka haukuandikwa kwenye shaba hizo. Mtawala alitaka watu wake wajue mambo mawili tu: jina lake, na kwamba naye ana Bwana aliye juu yake.

Huyo al-Hasan bin Sulaiman ndiye ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Watu walimwita Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi zake, na msafiri yule alisimulia jinsi fakiri kutoka Yemeni alivyomwomba nguo alizovaa, sultani akaingia ndani, akavua, akampa. Ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya mia moja juu ya mwamba wa bahari, ambalo magofu yake sisi watoto wa Kilwa tulipelekwa na walimu kuyaona. Alitoa hata sarafu za dhahabu, na hizo zilizopatikana ni chache mno. Mtu aliyetaka kuonekana mkarimu alijenga sifa hiyo kwa mikono yote miwili: nguo kwa maskini, na jina lake mfukoni mwa kila muuza samaki.

Shaba hizi zilifika wapi? Wachimbaji wa mambo ya kale, kuanzia Neville Chittick katika miaka ya 1960, wamezikuta kwa maelfu Kilwa Kisiwani, na nyingine Songo Mnara na Kisimani Mafia. Moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imekutwa Zimbabwe Kuu, na tano za Kilwa ziliokotwa na mwanajeshi wa Australia mwaka 1944 katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Hizo za mbali watu huzitaja sana kwa sababu zinashangaza. Mimi nashangazwa zaidi na zile nyingi ambazo hazikwenda popote. Zilitumika nyumbani. Biashara ya bara ilikwenda kwa nguo na shanga, na aliyepokea nguo hakuhitaji kujua jina la sultani.

Asubuhi Bibi alinipeleka kuona jaruba la mwanawe, nikamwambia hilo. Akaonyesha mkono kule kijito kilikokuwa kinaelekea. Maji haya huingia Kilombero. Kilombero hukutana na Luwegu, ikawa Rufiji, na Rufiji humwaga baharini mkabala na Mafia. Kwa hiyo maji yaliyopita mlangoni pa babu zake yalifika mbele ya Kisimani, mji uliokuwa ukitumia shaba za Kilwa, bila yeyote katika bonde hili kulazimika kulijua jina lililokuwa juu yake. Sultani hakuwa na mkono wa kufika huku, na sarafu yake iliishia pale mkono wake ulipoishia.

Mjerumani alikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia zake yenyewe na pesa za shaba. Walijua kwamba sura ya Kaisari peke yake haitamshawishi mtu. Rupia yao waliipa uzito ule ule wa rupia ya Kihindi, yenye kichwa cha Malkia Victoria, ambayo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshaizoea. Pesa ya shaba waliipa tai wao upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Waliazima imani ya watu, wakabandika juu yake uso wa bwana wao. Zanzibar, Sultani Barghash bin Said alikuwa ameshatoa shaba zake mwaka wa Hijria 1299, na juu yake aliweka mizani, alama ambayo mwenye duka na mteja wake waliielewa bila kufundishwa.

Lakini uzito na maandishi yaliweza kufanya kazi sokoni tu. Huku bondeni, watu walikuwa na mpunga wao, samaki wao, na majirani wa kubadilishana nao. Kilichoiingiza rupia katika kila nyumba ni kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, rupia tatu kwa nyumba ya kawaida ya kijijini. Hapo mwanzo waliruhusu watu kulipa kwa mazao au kwa kazi. Kadiri miaka ilivyokwenda, serikali ikataka fedha yenyewe. Na fedha hiyo ilipatikana kwa serikali ile ile, au kwa wale waliofanya nayo biashara. Kwa hiyo mwanamume aliyekuwa hajawahi kumhitaji Kaisari alilazimika kuingia msituni kuitafuta sura yake, kisha airudishe kwa wenyewe. Mimi naamini hapo ndipo picha ya mtawala inapopata nguvu. Fundi wa Kijerumani alichonga tai vizuri sana, lakini aliyemfanya babu yake Bibi amjue huyo tai ni askari wa kodi.

Majibu ya watu yalitoka upande wa kwetu. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete, katika milima iliyo nyuma ya Kilwa, waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Dawa ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, ilipanda na Rufiji hadi huku. Agosti hiyo hiyo kituo cha Wajerumani cha Ifakara kilivamiwa na askari wake kuuawa, na tarehe 30 Wambunga na Wapogoro walilikabili boma la Mahenge mbele ya bunduki za rashasha. Waliokufa pale walikuwa wengi, na njaa iliyofuata iliua wengi zaidi. Kivinje tuna kumbukumbu ya mashujaa walionyongwa na Wajerumani, na tangu utotoni nimekuwa nikiipita. Nilipomweleza Bibi, alifanya ishara ya msalaba, kisha akaniambia kwamba babu yake hakupenda kuulizwa habari za mwaka ule. Alisimulia vita vya pili, vya Wazungu kwa Wazungu, kwa maneno mengi. Vya kwanza alivinyamazia.

Tulikwenda Ifakara pamoja, Bibi akiwa na shughuli hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Ifakara ni mji wa baiskeli na bodaboda, wa magunia ya mchele yaliyopangwa hadi juu, wa harufu ya samaki wa mtoni. Perege wabichi wamelala kwenye mabeseni, kitoga na kambale wakavu wamerundikwa pembeni. Nilitembea hadi Daraja la Magufuli, lililofunguliwa mwaka 2018. Kabla yake watu wa Ulanga na Malinyi walivuka kwa kivuko, na Januari 2016 kivuko kilizama na kuua. Mzee mmoja aliyekuwa akivua ukingoni aliniambia kwamba mtu wa Mahenge aliyekuja Ifakara zamani aliaga nyumbani kama anayekwenda safari ya baharini. Upande wa pili milima ya Mahenge ilikuwa ya buluu.

Mchana tulikula kwa mama lishe. Bibi alilipa kwa sarafu, akizihesabu kiganjani: mbili za shilingi mia tano, zenye Mzee Karume upande mmoja na nyati upande wa pili, na za mia mbili zenye Karume na simba. Kijana aliyekaa nasi alilipa kwa simu. Nikaona ujumbe wake kabla hajaufuta: kiasi, na jina kamili la yule mama lishe. Uso wa rais haumo, mnyama hayumo. Limebaki jina, kama kwenye shaba ya Kilwa, ila jina lenyewe sasa ni la mwanamke anayeuza wali na maharage. Nilimwonyesha Bibi, akacheka kwa kuridhika, akasema huyo ndiye anayestahili kuandikwa.

Kopo la Bibi lilikuwa na mengine ambayo sijayataja. Mlikuwa na senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1942 yenye tundu katikati. Waingereza walileta shilingi mwaka 1921, na juu yake mfalme amevaa taji, na nyuma simba mbele ya milima. Lakini senti ndogo, zile ambazo mtu maskini alizishika kila siku, zilitobolewa, na penye tundu hapakai uso. Jina la mfalme liliandikwa pembezoni, na watu wakatunga senti zao kwenye kamba. Mama yake Bibi alizivaa kiunoni akienda sokoni.

Mlikuwa pia na shilingi ya mwaka 1966, mwaka ambao Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni. Mwalimu Nyerere bado kijana, nywele nyeusi, na nyuma mkono umeshika Mwenge. Senti hamsini yake ilikuwa na sungura, ishirini mbuni, tano samaki. Bibi anakumbuka siku alipoipokea shilingi hiyo mara ya kwanza, kwa kuuza debe la mpunga. Aliikagua pande zote mbili na kumpelekea mumewe aikague. "Nilikuwa sijawahi kuona mtu mweusi kwenye fedha," alisema. Hapo sauti yake ilibadilika, na mimi sikuwa na la kuongeza. Tunaweza kubishana kama ni vizuri kiongozi aliye hai awekwe kwenye sarafu. Wakenya walibishana hadi wakaandika katika Ibara ya 231 ya Katiba yao ya mwaka 2010 kwamba fedha zao zisiwe na sura ya mtu yeyote, na Desemba 2018 wakatoa sarafu za twiga, kifaru, simba na tembo. Naona walifanya vyema, baada ya yote waliyoyapitia na sura za marais wao. Lakini nikiwa nimekaa mkekani Kisawasawa, sikuweza kumwambia mwanamke yule kwamba furaha yake ya 1966 ilikuwa ya bure. Kaisari alimjia babu yake kama deni. Nyerere alimjia yeye kama malipo ya mpunga wake.

Hata Wajerumani wenyewe mwishoni walimwacha Kaisari wao. Mwaka 1916, wamezingirwa na meli hazifiki, walifungua kiwanda cha sarafu katika karakana ya reli Tabora. Kwa dhahabu ya Sekenke walipiga sarafu za rupia 15. Juu yake waliweka tembo ameinua mkonga, na milima nyuma yake. Upande wa pili wakabakiza tai wa dola. Septemba ya mwaka huo huo Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji. Nimewahi kuona picha yake tu, na ni sarafu nzuri kuliko zote walizozitoa hapa nchini.

Sarafu hizo ndizo zinazowaleta watu bondeni siku hizi. Bibi alinieleza kuhusu vijana wanaopita wakiuliza fedha za Mjerumani, wengine wakiwa na vyombo vya kutafutia madini, wengine wakidai wana ramani ya mali iliyofukiwa. Mmoja alimpa bei ya rupia yake, na ilikuwa bei ya kumtia mtu kishawishi mwezi wa kupeleka watoto shule. Hilo linanikera. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, kwa hiyo shaba ya Kilwa ina ulinzi, hata kama kila siku tunaona watalii wakiuziwa ufukweni. Rupia ya Kaisari ni changa mno kwa mwaka huo. Kwa sheria hiyo umri wake hautoshi, na mlinzi wake pekee ni mwenye kopo. Akifa, au akipata shida, itauzwa Dar es Salaam, itoke nchini, na habari ya kodi isiyochukuliwa haitasafiri nayo, kwa sababu haikuandikwa popote juu yake.

Nilimwomba Bibi aniruhusu niandike habari ile kwa urefu, kwa jinsi alivyoisimulia, na nimwachie nakala. Alikubali kwa sharti kwamba iandikwe kwa Kiswahili chepesi ambacho wajukuu watakisoma wenyewe. Tulikaa barazani, yeye akipepeta mchele, mimi na daftari. Jirani yao mmoja ni mwalimu wa historia, naye alipopita kusalimia alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama anaweza kuazima rupia ile siku atakapofundisha Maji Maji, maana kitabu chake kina picha ya bunduki na picha ya boma, na cha kushika mkononi hakuna.

Bibi alimtazama kwa muda. Rupia haitoki nyumbani, akamwambia. Darasa lije hapa, kwa zamu, baada ya mpunga kuingizwa ghalani ili wasije wakaukanyaga, na kila mtoto ataishika. Mwalimu akauliza watakuja watoto kumi kumi? Akajibiwa watano, na waje wamenawa mikono.